Maisha ya Alexander Graham Bell na Waya Moja Yenye Sauti Nyingi

Katika namba hii tunataka kuwaelezea maisha ya mtu mmoja ambaye kila mwanafunzi amesikia jina lake katika somo la fizike: Alexander Graham Bell, mtu wa telefone. Lakini hatutaki kurudilia tu yale yanayojulikana. Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Bell hakuanza kwa kutafuta telefone. Alianza kwa kutafuta namna ya kugawanya waya moja kusudi ipitishe habari nyingi kwa mara moja. Kazi ile hakuimaliza yeye. Wengine waliimaliza zaidi ya miaka mia moja nyuma yake, na kwa njia ile intaneti iliingia katika nyumba za mamilioni ya watu. Tena sisi makapita tuko na sababu yetu ya kuandika habari hii, na ni juu ya bidoni za maji. Tutaifikia ku mwisho.

Bell alizaliwa tarehe 3 Machi 1847 katika mji wa Edinburgh, inchi ya Uskoti. Baba yake, Alexander Melville Bell, alikuwa mwalimu wa matamko. Alitunga maandishi ya namna yake, yenye kuonyesha jinsi ulimi na midomo vinavyokaa wakati mtu anatamka kila sauti. Mama yake, Eliza, alikuwa karibu kiziwi kabisa, na hata hivyo alipiga piano vizuri, akamfundisha mtoto wake. Watu wengine walisema naye kwa mrija wa kusikilizia. Lakini yule mtoto aliona njia ingine. Alisogeza kinywa chake karibu na paji la uso la mama, akasema polepole kwa sauti nzito, na mama akaelewa. Basi tangu utoto Bell alijua kitu kimoja: sauti ni mtetemo, na kama mlango mmoja umefungwa, pengine mtetemo unaweza kupita kwa mlango mwingine.

Kisha taabu ikaingia katika jamaa ile. Mdogo wake Edward alikufa kwa kifua kikuu katika mwaka wa 1867. Mkubwa wake Melville akakufa kwa ugonjwa uleule katika 1870. Alexander mwenyewe hakuwa na afya nzuri. Wazazi waliogopa kupoteza mtoto wa tatu, wakaacha yote, wakavuka bahari mwaka ule wa 1870 na kukaa karibu na Brantford, inchi ya Kanada. Kule akapata nguvu tena.

Katika 1871 alikwenda Boston, Marekani, kufundisha watoto viziwi. Katika 1873 akawa profesa ku Chuo Kikuu cha Boston. Mchana alifundisha, usiku alifanya majaribio yake ya elektriki mpaka karibu asubuhi. Baba wa mwanafunzi wake mmoja, Thomas Sanders, alimsaidia kwa feza. Mwingine aliyemsaidia ni Gardiner Hubbard, ambaye binti yake Mabel alipoteza masikio kwa homa nyekundu alipokuwa na miaka mitano. Mabel naye alikuwa mwanafunzi wa Bell, na tutamwona tena.

Sasa tufike ku majaribio yenyewe. Siku zile habari za haraka zilipita kwa telegrafu. Waya moja ilipitisha habari moja, ao mbili, kwa wakati mmoja. Kama habari ni mingi, kampuni ilipaswa kutandika waya ingine, na waya ni bei kali. Kwa hiyo watu wengi walikuwa wanatafuta namna ya kupitisha habari mingi katika waya ileile.

Wazo la Bell lilitoka ku piano ya mama yake. Mtu akiimba sauti moja karibu na piano iliyofunguliwa, ule uzi wenye sauti ileile unaitika peke yake, na nyuzi zingine zinanyamaza. Wale kati yetu wanaopiga likembe wataelewa upesi: kila ulimi wa chuma una sauti yake kufuatana na urefu wake. Bell akaweka ndimi za chuma upande mmoja wa waya, na ndimi zingine zinazolingana nazo upande wa pili. Ulimi wa kwanza ukitetemeka, elektriki inatetemeka naye katika waya, na kule ngambo ni ulimi mwenzake tu unaoitika. Wa pili vilevile, wa tatu vilevile, wote katika waya moja, bila kuchanganyika. Hesabu ya mitetemo katika sekunde moja tunaiita frekansi. Kwa maneno mengine, Bell alitaka kumpa kila mtu frekansi yake katika waya ya wote.

Wazo lilikuwa zuri, lakini vyuma vilimsumbua. Vilikataa kulingana kabisa. Tena Bell hakujua elektriki sana. Mwezi wa Machi 1875 alimwendea mzee Joseph Henry, mtaalamu mkubwa wa elektriki ku Washington, akamweleza mawazo yake na kukiri kwamba ujuzi wake ni mdogo. Mzee hakumfariji kwa maneno matamu. Alimwambia aende ajifunze. Bell akaenda akajifunza.

Tarehe 2 Juni 1875, ku Boston, msaidizi wake Thomas Watson alikuwa chumba kimoja na Bell chumba kingine. Ulimi mmoja wa chuma ulikwama. Watson akaukwanyua kwa kidole. Bell, aliyekuwa ameweka sikio ku chombo chake, alisikia sauti kamili ya ule ulimi. Haikuwa pigo moja la telegrafu, ilikuwa sauti yenyewe pamoja na rangi yake yote. Pale akaelewa: kama waya inaweza kubeba sauti ile, inaweza kubeba sauti ya mtu, kwa sababu sauti ya mtu ni frekansi nyingi zilizochanganyika. Hubbard alikuwa anamsukuma aendelee na telegrafu ya habari nyingi, maana huko ndiko feza ilikuwa. Bell akaelekea ku sauti ya mtu.

Tarehe 14 Februari 1876 aliandikisha uvumbuzi wake. Siku ileile mwingine, Elisha Gray, aliweka karatasi ya wazo linalofanana. Hati ya Bell, namba 174,465, ilitoka tarehe 7 Machi. Nyuma ya siku tatu, tarehe 10 Machi, aliita Watson kwa waya aje kumwona, na Watson aliyekuwa chumba kingine akasikia maneno, akaja. Mwezi wa Juni mwaka uleule Bell alionyesha chombo chake ku maonyesho makubwa ya Philadelphia, mbele ya Pedro wa Pili, mfalme wa Brazil, ambaye alishangaa sana. Kampuni ya telefone ilianzishwa katika 1877, na tarehe 11 Julai mwaka ule Bell akaoa yule Mabel. Mashitaka juu ya nani wa kwanza yaliendelea miaka mingi, mpaka mahakama kuu ya Marekani ilimpa Bell haki katika 1888.

Kuna kazi yake moja ndogo ambayo tunaomba muikumbuke. Waya za telefone zilikamata kelele za waya jirani. Katika 1881 Bell alipata hati ya dawa yake: kusokota waya mbili pamoja, kama mwanamke anavyosuka nywele. Zikisokotwa, kelele inazipiga zote mbili sawasawa, na ku mwisho chombo kinaangalia tofauti kati yao tu, basi kelele inajifuta. Waya za shaba zilizosokotwa namna hii ziliingia katika nyumba za dunia mzima.

Bell alijiita mwalimu wa viziwi mbele ya kujiita mvumbuzi. Katika 1886 baba mmoja alimletea binti wa miaka sita, kipofu na kiziwi, jina lake Helen Keller. Bell ndiye aliyeonyesha jamaa ile njia ya kupata mwalimu, na Helen akawa mwandishi anayejulikana dunia mzima. Buku la maisha yake, la mwaka wa 1903, alimtolea Bell kwa heshima.

Lakini hatuandike maisha ya mtu kama vile hana kosa. Bell alitaka watoto wote viziwi wafundishwe kusema kwa kinywa na kusoma midomo ya wengine. Lugha ya mikono hakuitaka katika mafundisho. Katika 1883 alisoma mbele ya wataalamu wa Marekani maandiko yaliyoonya juu ya viziwi kuoana wao kwa wao. Hakuwa peke yake katika mawazo ya kukataa mikono: mkutano wa walimu ku Milano, Italia, katika 1880, ulikuwa umekwisha kuamua kinywa kitangulie, na shule nyingi zikafukuza lugha ya mikono. Watoto wengi walikaa miaka darasani bila kuelewa, wakikatazwa ile lugha waliyoiweza. Ni katika 2010 tu, ku Vancouver, mkutano wa namna ileile ulikataa maamuzi yale na kuyasikitikia. Na mtu akumbuke kwamba Helen Keller mwenyewe alipata maneno yake ya kwanza kwa vidole, mwalimu akimwandikia herufi katika kiganja.

Bell alikufa tarehe 2 Agosti 1922 nyumbani kwake ku Nova Scotia, inchi ya Kanada, akiwa na miaka 75. Siku ya maziko yake, tarehe 4, telefone za Amerika ya Kaskazini zilinyamaza dakika moja.

Sasa turudilie ile kazi ya kwanza aliyoiacha. Waya ya shaba ya telefone ilitumika kwa sauti ya mtu tu, maana yake frekansi za chini ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Waya yenyewe iliweza kubeba mitetemo zaidi ya milioni moja kwa sekunde. Ni kama mtu mwenye shamba kubwa anayelima kona moja karibu na mlango. Kwa nini zingine ziliachwa? Juu ya shida. Frekansi ikipanda, shaba inaimaliza nguvu, na waya ikiwa ndefu inaimaliza zaidi. Tena kelele haziko sawa: hapa radio inaingilia, pale waya ya jirani inasumbua. Kwa hiyo frekansi moja ni nzuri, ingine dhaifu, ingine bure kabisa.

Claude Shannon, aliyefanya kazi katika maabara yenye jina la Bell, alionyesha katika 1948 kwamba kila njia ya habari ina kipimo chake, kufuatana na nguvu ya sauti na nguvu ya kelele. Katika 1949 alionyesha pia namna ya kugawanya nguvu kama kelele si sawa ku kila frekansi. Wataalamu wanaifananisha na maji. Mvua ikinyesha katika uwanja wenye mashimo, maji mengi yanakaa penye shimo refu, machache penye shimo fupi, na penye kilima hakuna kitu. Shimo refu ni frekansi yenye kelele kidogo.

Nyuma yake wakaja mafundi wa modemu, ile mashini inayounganisha ordinatere na waya ya telefone. Mmoja wao, Dirk Hughes-Hartogs, alipata hati katika 1987 ya namna ya kugawanya biti moja moja. Biti ni kipande kidogo kabisa cha habari, ndiyo ao hapana. Sheria yake ni nyepesi: kila biti mpya, mpe ile frekansi ambayo itaibeba kwa bei ya chini. Na bei inapanda: kila biti unayoongeza juu ya frekansi moja inaomba nguvu karibu mara mbili ya ile iliyotangulia.

Tufanye hesabu. Tuko na frekansi tatu, na nguvu ya vipande 13. Ku frekansi ya kwanza, biti ya kwanza ni kipande 1, ya pili 2, ya tatu 4, ya ine 8. Ku frekansi ya pili, yenye kelele, biti ya kwanza ni 2, ya pili 4, ya tatu 8. Ku ya tatu, mbaya sana, biti ya kwanza tu ni 8. Kama tunagawanya nguvu sawasawa, kila moja inapata vipande 4 na kidogo. Ya kwanza inabeba biti 2, ya pili biti 1, ya tatu haifikie hata moja. Jumla ni biti 3, na nguvu ingine imepotea bure. Tufuate sasa ile sheria ya bei ya chini: 1, kisha 2, kisha 2 ya frekansi ya pili, kisha 4, kisha 4 ingine. Jumla ni 13 kamili, na tumepitisha biti 5. Ya kwanza imebeba 3, ya pili 2, ya tatu imepumzika. Nguvu ni ileile, waya ni ileile, lakini kazi imeongezeka. Yeyote anayekataa achukue kalamu ahesabu.

John Cioffi na wenzake wa chuo kikuu cha Stanford waliingiza mawazo haya katika modemu za telefone. Katika 1993 majaribio ya kulinganisha njia mbalimbali yalifanyika Marekani, na njia hii ya frekansi nyingi ikashinda. Katika 1995 ikawekwa katika kanuni ya Marekani ya ile wanayoiita ADSL. Waya inagawanywa katika vipande 256, kila kimoja na upana wa mitetemo karibu 4,300 kwa sekunde, mpaka kufikia 1,104,000. Vipande vya chini vinaachiwa sauti ya telefone. Wakati wa kuwasha, modemu mbili zinajaribu kila kipande kwanza: zinatuma alama zinazojulikana, zinapima nguvu na kelele, kisha zinaandika orodha. Kipande kizuri kinaweza kubeba mpaka biti 15 kwa mara moja, kidhaifu biti 2 ao 3, kibaya hakibebeshwi kitu. Na kazi ya kupima haiishe: kelele ikiongezeka ku kipande kimoja, biti zake zinahamishwa ku kipande kingine, bila kukata mazungumzo.

Mnaona? Ni zile ndimi za chuma za Bell, lakini sasa ni hesabu ndani ya mashini, na zinapita katika waya zilizosokotwa kwa namna yake. Leo inchi nyingi zinaondoa shaba na kuweka nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Hapa kwetu wengi wanatumia telefone ya mkono isiyo na waya. Lakini katika hewa pia, frekansi zinagawanywa vipande vingi vyembamba kwa mawazo ya jamaa ileile.

Basi, bidoni. Muhula uliopita maji yalikosekana ku bomba, na sisi makapita tukagawanya kazi ya kuteka ku chemchem. Tuliamua kila darasa lilete bidoni 10 kila jioni. Tulijisifu kwamba ni haki, kwa sababu ni sawasawa. Wakubwa wa mwaka wa sita walimaliza mapema, wakakaa wakizungumza. Wadogo wa mwaka wa kwanza walipanda kilima na bidoni zinazowazidi, wengine wakaanguka, maji yakamwangika, wakarudi giza limeingia, wakakosa saa ya masomo. Tena tuliandika majina yao kama wavivu. Ni kosa letu sisi, si lao, na tunalikubali mbele ya wote katika gazeti hili.

Tulipojifunza habari ya modemu tuliona haya kidogo. Mashini haina moyo, lakini inapima kila kipande mbele ya kukibebesha. Na Bell, aliyejua kuliko watu wote kwamba kila ulimi wa chuma unaitika sauti yake tu, alisahau jambo lile mbele ya watoto viziwi, akataka wote waitike sauti moja. Kama mtu mkubwa vile alisahau, sisi wa miaka 18 tutasahau mara ngapi?

Kwa hiyo tangu juma lijalo orodha ya maji inabadilika. Mwaka wa sita na wa tano watateka bidoni 20 kila mmoja, wa ine 10, wa tatu 6, wa pili 4. Wa kwanza watapumzika ku maji, watafagia darasa. Ukihesabu utaona ni bidoni 60, jumla ileile ya zamani, hakuna hata moja iliyopungua. Tena kila Jumamosi tutauliza upya, kwa sababu mtu wa nguvu leo anaweza kuwa mgonjwa kesho. Mwenye neno juu ya orodha aje kutuona nyuma ya masomo ya jioni. Tutamsikiliza kwanza, kisha tutapima.

Ni sisi, kapita wenu wa mwaka wa sita.